Nani Kasema Yohana ni Jina la Kizungu?

Mtoto wa binamu yangu alikuwa na siku nne duniani pale mjomba alipoandika kwenye kundi la familia la WhatsApp. Picha ya kichanga ilishapokea maua na mioyo ya kila rangi, na chini yake binamu ameandika kwamba ataitwa Yohana. Mjomba aliacha pongezi zipoe kidogo, kisha akashuka na ujumbe mrefu. Mpaka lini tutawabebesha watoto wetu majina ya kizungu? Wenzetu wana akili, chao hawakiachi. Tazameni wale Waviking wa kaskazini ya Ulaya: mpaka leo wanaitwa Harald, Olaf, Björn, Magnus. Walipokea dini, majina yao wakabaki nayo. Sisi tumepokea dini na majina tukayatupa.

Nilimjibu, "Shikamoo mjomba, hongera kwa kupata mjukuu," nikaishia hapo, maana mbele ya ukoo mzima mtu habishani na mjomba wake. Lakini hoja yake si yake peke yake. Nimeisikia kwenye vijiwe vya kahawa, nimeisikia kwenye semina, nimeisoma kwa waandishi waliomzidi mjomba kwa vyeti. Imekuwa kama jambo lisilohitaji ushahidi: jina la Biblia ni mali ya Mzungu, na Mzungu mwenyewe, huko kaskazini kusikofika ukoloni, amebaki na la babu yake.

Tuanze na majina manne ya mjomba.

Björn sina ugomvi nalo. Maana yake ni dubu, na dubu ni wa huko huko. Harald nalo ni la kwao kabisa. Ila Harald anayejulikana kuliko wote, mfalme wa Denmark wa karne ya 10 aliyebandikwa jina la utani la Jino la Buluu, ndiye aliyesimamisha jiwe pale Jelling lenye maandishi ya kujisifu kwamba amewafanya Wadenmark kuwa Wakristo. (Ile alama ya Bluetooth kwenye simu ya mjomba ni herufi za mwanzo za jina lake na lakabu yake, zimeunganishwa kwa hati ya kale ya runi.) Kwa hiyo mlango walioingilia akina Yohana kule kaskazini ulifunguliwa na mtu mwenye jina la asili. Olaf ni la asili pia, lakini lililolisambaza ni Kanisa: mfalme Olaf Haraldsson wa Norwe aliuawa vitani Stiklestad mwaka 1030, akahesabiwa mtakatifu, na tangu hapo watu walimpa mtoto jina la Olaf kwa sababu ile ile inayowafanya wengine wampe mtoto jina la Petro.

Na Magnus? Magnus ni Kilatini. Kisa chake kimo katika kitabu cha historia ya wafalme cha Snorri Sturluson. Olaf huyo huyo alizaliwa mtoto wa kiume usiku, mtoto dhaifu, ikaonekana asipobatizwa upesi atakufa. Mfalme amelala na hakuna mwenye ubavu wa kumwamsha. Mshairi wake, Sigvat, akachukua jukumu la kumpa mtoto jina, akamwita Magnus. Asubuhi mfalme akaja juu: jina gani hili, halimo katika ukoo wetu! Sigvat akajibu kwamba amemwita kwa jina la mfalme Karolo Mkuu, mtu bora kuliko wote aliowajua duniani. Huyo alikuwa Carolus Magnus, na "Magnus" ni hiyo sifa ya "mkuu", ambayo mshairi aliichukua kama jina. Mtoto akapona, akawa mfalme, na leo jina lake linatajwa kama kielelezo cha Uviking.

Sasa tuweke kando majina ya kwenye filamu, tufungue orodha za raia. Norwe, katika majina matatu ya ukoo yanayoongoza kwa wingi wamo Hansen na Johansen. Denmark, katika matatu ya juu wamo Jensen na Hansen. Uswidi, nafasi ya kwanza hupokezana Andersson na Johansson. Hansen ni mwana wa Hans, Jensen ni mwana wa Jens, Johansson ni mwana wa Johan. Na Hans, Jens na Johan wote ni mtu mmoja: ni Yohana. Andersson wa Uswidi naye ni mwana wa Andrea, mvuvi wa Galilaya. Ukisimama kituo cha basi Oslo na kuita, "Wana wa Yohana, njooni huku," utajikuta umezungukwa.

Jina lenyewe lilianza safari kwa Kiebrania, Yohanani, yaani Mungu amekuwa na fadhili. Wayunani walipolipokea walilikuta halina mwisho unaowafaa, kwa sababu jina la mwanamume kwao linahitaji kunyambuliwa, wakaliwekea s wakapata Ioannes. Warumi wakaliandika Johannes. Hiyo ndiyo sura iliyopanda kaskazini pamoja na mapadri na vitabu vyao, na huko ikakutana na ndimi zenye desturi zake.

Wadenmark hukandamiza silabi ya mwanzo. Wakaishika "Jo" kwa nguvu, mkia ukasinyaa mwaka hadi mwaka mpaka ikabaki Jens. Wajerumani walikandamiza silabi ya kati, wakaishika "han", kichwa kikadondoka, ikabaki Hans, na hilo nalo likaingia Denmark kupitia kwao. Jina moja likapasuliwa vipande viwili, kila kipande kikawa jina kamili, na wenye majina hayo wakaishi nyumba moja bila kujua kwamba ni wajina. Mwandishi Johannes V. Jensen, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1944, alizaliwa mwaka 1873 katika kijiji cha Farsø. Baba yake, daktari wa mifugo, aliitwa Hans Jensen. Yaani Yohana, mwana wa Yohana, wa ukoo wa Yohana, na kila mmoja kwa sura yake. Johannes huyu ndiye aliyeandika hadithi za wakulima wa wilaya yake ya Himmerland, watu wa udongo na mvua na ukaidi, na hakuna msomaji wa Kidenmark anayezifunga akasema zimeandikwa na mtu mwenye jina la kigeni. Tena askari wa kawaida wa Denmark, yule asiye na cheo, kwa utani huitwa Jens. Ukitaka kujua jina limekuwa la wenyeji, angalia kama linatosha kumtaja mtu yeyote tu.

Kuna kioja cha kifalme hapa. Kuanzia mwaka 1481 mpaka 1513 Denmark ilitawaliwa na mfalme Hans. Kwa miaka michache, 1497 hadi 1501, mfalme huyo aliikalia Uswidi pia. Fungua orodha ya wafalme wa Uswidi umtafute Hans: humwoni. Kule ni Johan wa Pili. Kichwa kimoja, mataji mawili, majina mawili, na hakuna aliyeona haja ya kuuliza lipi ni sahihi.

Lakini anayetaka kuliona jina hili likizama mpaka kwenye mifupa ya nchi, aende Aisilandi. Huko linaitwa Jón, herufi tatu na alama juu ya moja, na linatamkwa kwa pumzi moja.

Watu wa Aisilandi waliukubali Ukristo kwenye baraza lao la Þingvellir karibu na mwaka 1000. Karne moja baadaye, mwaka 1106, jimbo la Hólar kaskazini ya kisiwa likapata askofu wake wa kwanza, Jón Ögmundsson. Mapokeo yanamtaja kama mtu aliyechukizwa na siku za juma kubeba majina ya miungu ya kale, akazifuta na kuweka hesabu. Ndiyo maana Kidenmark, Kinorwe na Kiswidi mpaka leo wana siku ya Thor na siku ya Odin, lakini Kiaisilandi kina "siku ya tatu", "katikati ya juma", "siku ya tano" na "siku ya kufunga". Siku yao ya tano, fimmtudagur, ni Alhamisi. Na Alhamisi yetu, tuliyoichukua kwa Waarabu, nayo maana yake ni ya tano. Sijui mjomba angesema Alhamisi ni siku ya nani.

Turuke hadi 1703. Aisilandi ilikuwa taabani, chini ya mfalme wa Denmark, na mfalme akaamuru hali ya kisiwa ichunguzwe. Árni Magnússon, yule mkusanyaji mkubwa wa miswada ya kale, na mwenzake Páll Vídalín wakasimamia sensa ya watu wote, nyumba kwa nyumba, kila mtu kwa jina lake, umri wake na nafasi yake, pamoja na maskini wa kutembeza bakuli. Jumla ilikuwa watu 50,358. Ni sensa ya kwanza ya taifa zima kuorodhesha kila mtu kwa jina, na UNESCO imeiingiza katika kumbukumbu za dunia. Ukisoma kurasa zake utamkuta Jón mwenye shamba, Jón mtumishi, Jón mjane, Jón anayelishwa na kijiji. Karibu mwanamume mmoja kati ya kila wanne aliitwa Jón. Si ajabu hata ndugu wawili wa tumbo moja kuwa na jina hilo, wakatofautishwa kwa kuambiwa Jón mkubwa na Jón mdogo.

Kwa wingi huo jina likageuka kuwa kama neno la kawaida. Wana msemo: si mamoja, Jón na Mchungaji Jón. Maana yake sheria humshika mnyonge ikampisha mwenye cheo. Halldór Laxness, mshindi wa Nobel wa mwaka 1955, alipotaka mtu wa kuubeba unyonge na ubishi wa taifa zima katika riwaya yake ya Íslandsklukkan, alimchagua mkulima aliyewahi kuishi kweli, Jón Hreggviðsson, mtu aliyeshtakiwa kwa kumuua mnyongaji. Na katika riwaya hiyo hiyo yumo msomi aliyefinyangwa kwa mfano wa Árni, yule yule wa sensa. Askofu wa mwisho Mkatoliki wa Hólar, aliyekatwa kichwa mwaka 1550 kwa kumpinga mfalme, aliitwa Jón Arason. Kiongozi wa madai ya uhuru katika karne ya 19 aliitwa Jón Sigurðsson. Jamhuri ilipotangazwa mwaka 1944 walichagua tarehe 17 Juni kwa sababu ndiyo siku aliyozaliwa. Taifa linapeperusha bendera kila mwaka kwa ajili ya kuzaliwa kwa Yohana mmoja, halafu mtu wa mbali aniambie Yohana si jina la kwao.

Aisilandi wana kitu kingine ambacho kinanivutia kuliko hayo yote. Wana kamati ya majina, iliyoundwa mwaka 1991. Mzazi anayetaka kumpa mtoto jina ambalo halimo katika daftari la majina yaliyoruhusiwa hupeleka ombi huko. Mtu angedhani kamati ya nchi inayojivunia lugha ya Waviking ingeuliza: jina hili limetoka wapi? Sheria ya majina ya mwaka 1996 haiulizi hivyo. Inauliza kama jina linaweza kupokea mwisho wa umilikaji wa Kiaisilandi, au kama limeshajijengea mazoea nchini. Kama haligombani na muundo wa lugha. Kama limeandikwa kwa tahajia ya kwao, isipokuwa pale desturi inaporuhusu vingine. Lugha yao hubadilisha mwisho wa jina kufuatana na kazi yake katika sentensi. Jón amekuja, lakini barua imetoka kwa Jóni, na mimi nakwenda kwa Jóns. Mtoto wake wa kiume ni Jónsson na wa kike ni Jónsdóttir, kama watu wa pwani wanavyosema bin Yahya na binti Yahya. Jina linalokubali kukunjwa hivyo limeshapata uraia. Lisilokubali litabaki mgeni, hata likiwa la mfalme gani.

Mimi naona hicho ndicho kipimo cha haki, na mjomba amekikosa kwa sababu anauliza cheti cha kuzaliwa cha jina badala ya kuangalia kazi linayofanya.

Visiwa vya Faroe, katikati ya bahari kati ya Norwe na Aisilandi, vina watu wachache kuliko kata mbili tatu za Dar es Salaam, lakini navyo vina Yohana wao. Kifaroe kina kanuni yake ya sauti inayochomeka gv mahali ambapo irabu mbili zingekutana. Kanuni hiyo ilipomkuta Johan ikamgeuza Jógvan, jina linalosikika karibu na "Yekvan". Jógvan Sundstein alikuwa waziri mkuu wa visiwa hivyo kuanzia 1989 hadi 1991. Mpeleke Jógvan Yerusalemu, Athene au Roma: hakuna atakayelitambua jina lake. Mpeleke Copenhagen, ambako visiwa vyake vinahesabiwa kuwa sehemu ya ufalme, hata huko watalisoma vibaya. Umbo hilo ni la watu wa Faroe peke yao.

Ufini ni habari nyingine, kwa sababu Kifini si ndugu wa lugha hizo. Kimelimenya jina mpaka limekuwa rundo: Juhani, Juhana, Juho, Juha, Jussi, Hannu, Hannes, Janne, Jani, Joni. Katika majina ya wanaume wa Ufini, ukihesabu na jina la pili, Juhani na Johannes yamekaa juu kwa muda mrefu. Riwaya ambayo Wafini wanaihesabu kuwa mama wa fasihi yao, Seitsemän veljestä ya Aleksis Kivi, ilitoka mwaka 1870 na inasimulia ndugu saba wakaidi waliokimbilia msituni wasifundishwe kusoma. Kifungua mimba anaitwa Juhani. Wamo pia Tuomas, Simeoni, Timo ambaye ni Timotheo, na Aapo ambaye ni Abrahamu. Watu wanaolikimbia Kanisa na alfabeti yake wanakimbia wakiwa na majina ya Biblia, na hawaoni kichekesho chochote, kwa sababu kwao hayo si majina ya Kanisa. Ni majina yao.

Hata sikukuu yao kubwa ya kiangazi, wakati jua halitaki kuzama, inaitwa Juhannus. Zamani ilikuwa ya Ukko, mungu wa radi. Norwe sikukuu hiyo ni jonsok, yaani mkesha wa Jon; Denmark ni mkesha wa Sankt Hans, na mioto huwashwa ufukweni; Aisilandi ni Jónsmessa. Waliokuwa wakiwasha moto kabla ya Yohana wanaendelea kuuwasha, na moto umechukua jina lake.

Nitasema neno juu ya Sibelius kisha niendelee. Mtunzi huyo wa muziki, ambaye Wafini wanamwona kama sauti ya taifa lao, alizaliwa mwaka 1865 akaandikwa Johan. Nyumbani walimwita Janne. Akiwa mwanafunzi alikuta kadi za marehemu ndugu wa baba yake, nahodha wa meli, ambaye naye aliitwa Johan lakini safarini alijiita kwa Kifaransa, Jean. Kijana akazipenda kadi zile, akalichukua jina, na dunia ikamjua kama Jean Sibelius. Ikiwa tunatafuta mtu aliyebeba jina la kigeni kwa kupenda, ndiye huyu. Na bado ndiye aliyetunga Finlandia.

Sasa niseme upande wa mjomba, maana hana kosa lote.

Atasema: hao walichagua, sisi tulilazimishwa. Mtoto wa shule ya misheni hakuingia darasani mpaka abatizwe, na habatizwi kwa jina la babu yake. Kweli. Lakini "walichagua" ni neno la mtu asiyesoma habari za Olaf mwingine, Olaf Tryggvason, aliyetawala Norwe kuanzia 995 hadi 1000. Masimulizi ya kale yanaeleza alivyowatesa na kuwaua waliokataa ubatizo. Hata lile baraza la Aisilandi lililokubali dini kwa mazungumzo lilikuwa linajua kwamba mfalme huyo amewashika vijana wao kama dhamana. Mlango haukubishwa hodi, ulivunjwa.

Na ukitaka kuona maumivu yanayofanana na yetu, usitazame Waviking, tazama Wasami, wenyeji wa kaskazini kabisa mwa Norwe, Uswidi na Ufini. Ngoma zao za ibada zilikusanywa na kuchomwa. Mwaka 1693, Arjeplog, Uswidi, mzee mmoja wa Kisami aitwaye Lars Nilsson alichomwa moto pamoja na ngoma yake. Nao walibatizwa, nao wakaandikwa Johan katika madaftari ya kanisa. Lakini nyumbani, kwa Kisami, Johan huyo ni Jovnna. Mwandishi wao Jovnna-Ánde Vest ana mitume wawili katika jina lake, Yohana na Andrea, na hakuna hata mmoja ambaye Mnorwe angemtambua bila kuelezwa. Kosa walilotendewa Wasami halikuwa kupewa Yohana. Kosa lilikuwa kuzuiwa kumtamka kwa namna yao mbele ya mwalimu na karani, kana kwamba Johan ni jina na Jovnna ni matamshi mabaya.

Upande wa pili wa shilingi ni kwamba majina ya asili nayo huweza kuwa nguo ya dukani. Karne ya 19 Wanorwe walipozinduka kitaifa, Ivar Aasen, mwanaisimu aliyeiunda lugha ya maandishi kutoka lahaja za vijijini, alitoa mwaka 1878 kitabu cha majina ya Kinorwe ili watu warudi kwenye ya kale. Wengi wakarudi. Mwaka 1905 nchi ilipopata mfalme wake, walimchukua mwana mfalme wa Denmark aliyeitwa Carl, akajiita Haakon. Mwanawe wa miaka miwili, aliyezaliwa Uingereza kwa jina la Alexander, akawa Olav. Siwacheki, lilikuwa tendo la heshima kwa nchi iliyowapokea. Ila mwaka ule, Jon mvuvi wa pwani ya magharibi alikuwa na jina lililokaa Norwe miaka mia nane, na mtoto Olav alikuwa na lake la wiki chache.

Mjomba anapenda Maandiko, na ingekuwa kwenye mkeka wa barazani na si kwenye simu, ningemkumbusha Injili ya Luka. Siku ya nane ya kumtahiri mtoto wa Zakaria, majirani na jamaa walikuja wakiwa wameshaamua: aitwe Zakaria kama baba yake. Mama akasema hapana, ataitwa Yohana. Wakamjia juu kwamba katika jamaa zake hakuna mwenye jina hilo. Wakamgeukia baba, ambaye alikuwa bubu kwa wakati ule, naye akaomba kibao akaandika kwamba jina la mtoto ni Yohana. Na jirani yangu wa Kiislamu atanikumbusha Sura ya Maryamu, ambamo Zakaria anabashiriwa mwana aitwaye Yahya, jina ambalo hakupewa mtu kabla yake. Vitabu vyote viwili vinalitambulisha jina hili kwa jambo moja: halikuwamo katika ukoo. Hoja ya mjomba, na ya mfalme Olaf aliyeamka akakuta mwanawe ni Magnus, ilishatolewa na majirani wa Elisabeti.

Yahya, kwa njia, pwani yetu wamejaa. Sijamsikia mtu akimwambia Yahya wa Lamu au wa Unguja kwamba ana jina la kizungu.

Na Yohana wetu je, ameshafanyiwa kazi ile ya akina Jens na Jógvan? Amefanyiwa. Kiswahili kilikata ile s ya Wayunani, kikafunga kwa irabu kama kinavyofunga kila kitu: Waprotestanti wakasema Yohana, Wakatoliki wakasema Yohane. Waganda wakalipitisha kwenye koo lao likatoka Yokaana. Tunasema akina Yohana, kwa Yohana, kiyohana-yohana tukitaka kumtania. Lingepelekwa mbele ya kamati yoyote yenye akili ya Aisilandi, lingepita.

Hapo ndipo ninapoungana na mjomba katika hasira, ila tunazielekeza mahali tofauti. Nilisoma shule ya msingi na mvulana aliyeitwa Yohana. Tulipoingia kidato cha kwanza, mwalimu aliyekuwa akijaza daftari la mahudhurio alimwuliza jina, akalisikia vizuri, akaandika John. Hakuna aliyeshtuka. Yohana lilikuwa jina la kijijini, la mzee wa kanisa mwenye baiskeli. John lilikuwa la mjini. Cheti cha kidato cha nne kikatoka na John. Miaka mingi baadaye, akifuatilia mafao ya marehemu baba yake, aliambiwa cheti cha ubatizo na cheti cha shule havifanani. Ikabidi aende kwa wakili, alipe, aape kwa maandishi kwamba Yohana na John ni mtu mmoja. Nilikwenda naye. Wakili alikuwa na fomu iliyochapwa tayari, nafasi mbili tu za kujaza majina, maana wateja wa aina hiyo huwa hawaishi ofisini kwake.

Kwa hiyo wiki ile nilimpigia binamu. Sikumwambia habari za Jens wala Jón, mwanamke aliyejifungua juzi ana mengine ya kufikiri. Nilimwomba tu kwamba siku ya kwenda kuchukua cheti cha kuzaliwa asimwachie karani kalamu, asimame dirishani mpaka aone imeandikwa Y.